Nilivyopunguza habari bila kuacha kuijali nchi

Juni 2024 nilikuwa Mombasa, mdogo wangu yuko Nairobi, na Muswada wa Fedha uko bungeni. Nilipofungua duka nilikuwa naisimamisha simu kwenye koni ya uzi kando ya cherehani, ikae hapo hadi nafunga. Usiku naingia nayo ndani ya chandarua.

Tarehe 25, vijana walioandamana kuupinga muswada ule walipoingia Bunge na risasi zikalia, nilikuwa natazama matangazo ya moja kwa moja huku nikipekua X na TikTok. Mdogo wangu hapatikani. Alipiga usiku, sauti imemkauka kwa vitoa machozi: "Dada, niko salama. Lala." Sikulala. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini muswada, nami nikaendelea kutafuta nani kakamatwa, nani hajulikani aliko. Julai miili ikaanza kuopolewa kwenye machimbo ya Kware, kule Mukuru, na video zikawa zinajicheza zenyewe kabla sijasoma hata maelezo yake.

Mwili ulikataa. Simu ikitetemeka, moyo unanienda mbio. Asubuhi taya zinauma kwa kusaga meno. Mama mmoja aliyekuja kupimwa dera alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mbona watetemeka? Umekula?" Nikaenda zahanati. Muuguzi alinipima presha, ikawa sawa, kisha akaniuliza ni kitu gani cha mwisho ninachokitazama kabla ya kulala. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti uliofanywa Marekani baada ya mabomu ya Boston Marathon, mwaka 2013. Waliofuatilia habari za mkasa ule kwa saa sita au zaidi kila siku, wiki ile iliyofuata, walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale mabomu yalipolipuka. Nilijiona humo.

Marafiki waliniambia niachane na habari kabisa. Siwezi, na sidhani inafaa. Muswada ule ulikuja na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, na mkate naununua mimi. Nilichokifanya nilikitoa kwa marehemu baba. Jioni alikuwa akifungulia idhaa ya Kiswahili ya BBC, sisi watoto kimya. Ikiisha anaizima redio, anatoka barazani, na huko wazee wanabishana mpaka isha. Mauaji ya Rwanda ya 1994 aliyasikia hivyo. Hakuyachukulia kwa wepesi hata kidogo, ila aliyasikia kwa muda wake, na alikuwa na watu wa kuyazungumza nao.

Basi nikachagua taarifa ya saa moja jioni, naitazama kwa jirani tukiwa wengi, tunaijadili pale pale. Nilizima arifa zote na zile video zinazojicheza. Simu inalala jikoni. Kuamka naamshwa na adhana ya alfajiri. Na mdogo wangu tukapatana: akienda kwenye maandamano ananiandikia "nimetoka", akifika nyumbani "nimerudi", na saa tatu usiku tunaongea. Habari zake nazipata kwake, si kwa watu nisiowajua.

Siku za mwanzo mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye koni ya uzi. Lakini kilichoniuma zaidi ni kuhisi kama nawasaliti wale watoto, kwamba wao wanakufa nami nimefumba macho. Hilo halikuondoka kwa kujiambia maneno. Lilipungua nilipotuma nilichokuwa nacho kwa M-Pesa kwenye mchango wa matibabu ya majeruhi. Kutazama kwangu hakukuwa kumemsaidia hata mmoja wao, na bado naamini deni letu kwao ni kutenda, hata kama ni kidogo.

Juni 25, 2025 vijana walirudi barabarani, mdogo wangu akiwemo, kuwakumbuka waliouawa. Asubuhi aliandika "nimetoka". Nilishona sare za shule, nikala, nikaitazama taarifa kwa jirani na moyo ukiwa juu, kwa sababu watu waliuawa siku hiyo pia. "Nimerudi" ilikuja baada ya taarifa. Saa tatu alinieleza kila alichokiona, na safari hii nilikuwa na nguvu ya kumsikiliza mpaka akamaliza.