Ng'ombe 33

Baba mkubwa alikuja mjini kwa ajili ya jicho. Mwezi wa tano alitolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, mwezi wa saba akarudi kuangaliwa kama limepona vizuri. Akija Dodoma hufikia kwangu, huku Chang'ombe, chumba cha nyuma ya duka langu la steshenari. Jioni ile nilikuwa nimeshapanga kwenda kwenye tamasha la filamu, siku ya pili kati ya tatu, na sikutaka kumwacha mzee peke yake na redio. Nikamwambia, "Baba mkubwa, twende ukaone sinema." Akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Nikamwambia vipo viti. Akachukua shuka lake na fimbo, tukapanda bajaji.

Kwa watu wa bara kama sisi, filamu za nchi nyingine zinazooneshwa kwenye tamasha zilikuwa habari za Zanzibar. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la kule, ilianzishwa 1997, na kila mwaka tunaona picha za watu wamejaa Ngome Kongwe. Dodoma ni makao makuu, ni jiji tangu 2018, lakini filamu ya Senegal au ya Mauritania ungeionea wapi? Kwa hiyo niliposikia kuna tamasha hapa hapa, uwanjani, bure, nilifunga duka saa kumi na moja kamili.

Baridi ya Julai mnaijua. Upepo wa Dodoma ukishaamua hauna adabu: kitambaa cheupe cha kuoneshea picha kilikuwa kikifura kama tanga, na uso wa mtoto ukiwa pale juu ulivimba shavu moja kisha ukarudi. Vijana wawili walikishika chini kwa mawe. Kijana wa kahawa alipita na dele lake na kashata, nikamnunulia mzee vikombe viwili, akavimaliza kabla picha haijaanza.

Ya kwanza ilikuwa fupi, ya Dakar, ya msichana mlemavu anayetembea kwa magongo na kuuza magazeti kati ya wavulana wanaomsukuma. Djibril Diop Mambéty aliyeitengeneza alifariki 1998, na ilitoka mwaka uliofuata. Nzuri sana, nitaiandikia siku yake. Iliyofuata ilikuwa ya Ulaya, ndefu, na sikuipenda. Mzee alisinzia na mimi nikamwacha asinzie.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. *Timbuktu*, ya 2014, ya Abderrahmane Sissako. Huyu ni mzaliwa wa Mauritania, akakulia Mali, na filamu yenyewe ilipigwa Mauritania kwa sababu Timbuktu kwenyewe hakukuwa salama. Inahusu mji uliokamatwa na watu wenye silaha wanaokataza muziki, wanakataza mpira, wanawalazimisha wauza samaki wa kike kuvaa glavu. Watu wanaongea lugha nyingi mle ndani, Kitamasheki, Kiarabu, Kifaransa, Kibambara. Na chini yanapita maandishi ya Kiingereza.

Hapo ndipo penye shida, na nataka nilizungumze hili kwa kirefu.

Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza. Cha kwetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, tivi moja imefungiwa kwenye kisanduku cha nondo, watoto tulilipa shilingi 50. Filamu zote za Kichina nilizoziona utotoni zilikuwa zinaongea Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na Lufufu, baadaye kina DJ Mark, sauti moja inayoigiza watu wote: steringi, adui, mama mzazi, mbwa. Mkanda usiotafsiriwa ukiwekwa, kijana wa kibanda alisimama pembeni akatafsiri mwenyewe. Alikuwa hajui Kichina wala Kiingereza, lakini alikuwa anajua watu. Alimwangalia mtu anavyosogeza bega, akatuambia anamwogopa nani. Mimi bado naamini mara nyingi alipatia. Kinamama waliokuwa hawajui kusoma walikaa mle na watoto mgongoni na wakatoka wanaijua hadithi mwanzo mwisho.

Sasa pale tamashani palikuwa na watu kama mia mbili hivi. Bodaboda, mama ntilie waliokwishafunga, wanafunzi, wazee wachache. Maandishi yanapita chini kwa Kiingereza, na nikiangalia pembeni naona nyuso zinajitahidi. Mzee akanigusa goti. "Anasemaje?"

Nikaanza kumnong'oneza. Kiswahili, na pale ninapoona kinapwaya, Kigogo.

Kuna mahali vijana wanacheza mpira bila mpira, kwa sababu umekatazwa. Wanakimbia, wanapiga chenga, kipa anaruka, na hakuna kitu pale chini ila vumbi. Punda anakatiza uwanja. Mzee akauliza, "Mpira uko wapi?" Nikamwambia wamekatazwa, wanaucheza kwa akili tu. Akanyamaza. Waliposhangilia goli, watoto waliokaa mbele yetu walinyanyuka wote na kupiga kelele "Goooli!", na baba mkubwa akagonga fimbo chini mara mbili.

Halafu akaja ng'ombe. Kidane ni mfugaji, anaishi hemani na mke na binti yake, nje ya mji. Ana ng'ombe wachache, na mmoja anaitwa GPS. Mtoto anayechunga anawapeleka kunywa maji mtoni, GPS anapotea njia na kuingia kwenye nyavu za mvuvi, Amadou. Mvuvi anamchoma mkuki. Sissako haiondoi kamera. Yule ng'ombe anakaa chini polepole, anahema, ubavu unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

Baba mkubwa alinyanyuka. Alisimama wima na shuka lake mpaka nikamvuta mkono. Nyumbani ni Bahi, upande wa bwawani, ambako wavuvi wa kambale na wenye ng'ombe wanatumia maji yale yale, na kila kiangazi kuna baraza la kusuluhisha nyavu zilizokanyagwa. Hakuhitaji tafsiri. Akasema kwa sauti, kwa Kigogo, kwamba mvuvi ana haki ya nyavu lakini hana haki ya mkuki. Mama mmoja nyuma yetu akaitikia.

Kuanzia hapo sikunong'ona tena. Watu walikuwa wamesogeza viti kuja kwetu, na mimi nikawa natafsiri kwa sauti ya kawaida. Kijana mwenye kitambulisho shingoni alikuja kuniomba nipunguze. Bodaboda mmoja akamwambia, "Mwache dada asome, tunaelewa." Yule kijana akachuchumaa pale pale, akasikiliza na yeye.

Kidane anaenda na bastola, wanakamatana ndani ya maji, risasi inatoka, Amadou anakufa. Wanaotawala mji wanamkamata. Hukumu: alipe ng'ombe 40 kwa familia ya marehemu, la sivyo auawe. Anao 7. Nilipotafsiri hiyo, kukawa kimya, halafu baba mkubwa akasema, "Zimebaki 33."

Kwenye kibanda umiza steringi hafi. Huyu anakufa, na tuliondoka uwanjani taratibu, hakuna aliyekuwa na haraka. Nilidhani mzee atazungumzia jicho, maana tangu operesheni alikuwa anahesabu vitu anavyoviona. Badala yake, ndani ya bajaji, akaniuliza, "Ndugu zake wako wapi?"

Nikamkumbusha kwamba majirani walikuwa wameshakimbia, hema lake lilibaki peke yake.

"Majirani. Mimi nauliza ndugu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye angetoa wawili. Mdogo wake wa Chipanga watatu, ni mchoyo lakini kwa jambo la damu angetoa. Wajomba kwa pamoja wangefika kumi. Marehemu baba yangu, angekuwepo, asingetoa chini ya watano. Tulipofika Chang'ombe alikuwa kwenye 26, na dereva wa bajaji, mtu wa Kondoa, akaongeza mmoja.

Asubuhi nilimpeleka kupanda gari la Bahi. Juzi amenipigia. Jicho liko salama. Amewasimulia barazani, kwa Kigogo, filamu nzima, na walipofika kwenye hukumu watu walichanga mpaka 31. Anataka kujua kama ile picha ina sehemu ya pili.