Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuonyesha maandishi yasipopatana

Saa mbili asubuhi nafungua mswada mpya, ripoti ya Kiingereza ya kurasa 64. Mimi ni msahihishaji. Ninaposoma mara ya kwanza sigusi kitu, ila nanukuu pembeni kila namba, jina na tarehe.

Saa tatu na nusu. Ukurasa wa 6 unasema waliohojiwa ni 48. Jedwali la 2 lina 84. Naandika swali kwa mwandishi: "There appears to be a discrepancy between page 6, which gives 48 participants, and Table 2, which gives 84. Please confirm which figure is correct." Wengine huona hiyo "appears" ni woga. Kwangu ni ukweli mtupu: nimeona namba mbili, sijui ipi sahihi. Tena sentensi nzima haina "you". Lawama haimwendei mtu, inabaki kwenye karatasi.

Neno "discrepancy" nalipenda. Asili yake ni Kilatini, kutoa sauti zisizopatana, na kweli namba hizo mbili zinapiga kelele zikikaa pamoja.

Saa tano nakutana na "organise" huku na "organize" kule. Hapo "discrepancy" haifai, kwa sababu tahajia zote mbili ni sahihi, hata Uingereza. Tatizo ni kuzichanganya, na hiyo ni "inconsistency". Kauli mbili zikishindwa kuwa kweli kwa pamoja, natumia "contradict": "The conclusion appears to contradict paragraph 3." Bila "with", tafadhali! Anayetaka "with" aandike "is inconsistent with".

Saa saba, chakula.

Saa nane linafika jibu kuhusu kazi ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimeandika, "You may wish to look again at section 4." Mwandishi ameitazama na kuniambia iko sawa. Kosa ni langu. Adabu niliiweka, jambo lenyewe sikulitaja. Naandika upya: "Section 4 states that the trial lasted six weeks, whereas the abstract states eight." Hiyo "whereas" inaziweka kauli mbili ana kwa ana, mwandishi ajionee mwenyewe.

Saa kumi napitia maswali yangu yote 23. Nafuta "obviously" moja iliyoponyoka. Neno hilo humwambia mtu kwamba hata mtoto angeliona kosa lake, na mtu huyu ameihangaikia kazi yake. Natuma.

Saa kumi na moja na robo, mwandishi wa ripoti anajibu swali la kwanza. Sahihi ni 84. Ile 48 ilibaki kutoka rasimu ya zamani. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba ni 48.