Mwali wa Gion kwenye cherehani yangu

Kitabu nilikinunua Ngamiani, kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba chini, shilingi elfu tatu, jalada limekunjika. Memoirs of a Geisha, cha Mmarekani Arthur Golden, cha mwaka 1997. Nikakiweka pembeni ya cherehani. Mama mmoja aliyefuata gauni lake la harusi akautazama ule uso mweupe wa jaladani, akauliza, "Huyu naye kapakwa chokaa?"

"Mwali wa Kijapani huyo."

"Basi somo yake hajui kazi."

Nilisema mwali kwa utani tu, lakini neno likaninata. Chiyo wa kitabuni, mtoto wa mvuvi, anauzwa kwenye nyumba ya mageisha, wanawake wa Kijapani wanaotumbuiza wageni kwa dansi, muziki na mazungumzo, mtaa wa Gion, mjini Kyoto. Anadeki, anatumwa, anakula matusi ya Hatsumomo, geisha wa nyumba hiyo. Anajifunza dansi, kupiga shamisen yenye nyuzi tatu, kuandaa chai. Kisha anapewa dada mkubwa, Mameha, wa kumfunda. Wanafunga udada kwa sake, pombe ya mchele: vikombe vitatu, kila kimoja mafunda matatu. Anatoka hapo na jina jipya, Sayuri. Hata nywele zina adabu yake. Zikishatengenezwa analala shingo juu ya kigogo, zisivurugike.

Bibi yangu alikuwa somo. Naliona bado jiwe lake la msio: anatia marashi kidogo, anasugua kijiti cha liwa kwa kuzungusha upande mmoja tu, bila haraka, mpaka uji ushike kidole. Kisha mlango unafungwa na sisi watoto tunabaki uani. Siku moja nikamuuliza wanasema nini humo ndani. Akanipaka liwa puani. "Zamu yako ikifika."

Tusilinganishe kupita kiasi, lakini. Mwali wa Bibi aliandaliwa aende kwa mumewe. Yule wa Gion anaandaliwa aende kazini, na deni la nyumba iliyomnunua linamngoja.

Hadithi ni tamu, sikatai. Nilichoma kola ya shati la mtu kwa ajili yake. Kilichonikera ni kilichotokea nje ya hadithi. Golden alikaa na Mineko Iwasaki, aliyekuwa geisha hasa wa Gion, naye Mineko akamsimulia mambo ya ndani. Mama huyo alisema walikubaliana jina lake lifichwe. Kitabu kikatoka, na kwenye shukrani jina lipo, limeandikwa kwa heshima zote! Tena yale ya kitabuni, ya ubikira wa Sayuri kupigwa mnada, yeye alikana kwamba yalimpata. Mwaka 2001 akafungua kesi, 2002 akatoa kitabu chake mwenyewe, 2003 wakamalizana nje ya mahakama.

Bibi asingehitaji mahakama. Mtu akitoa ya ndani, haalikwi tena, na akipita barazani watu wanazungumzia bei ya dagaa.

Juzi yule mama alirudi, mkono wa gauni ulikuwa unambana. Akakuta nimebakiza kurasa chache. Akavuta kigoda, akashusha sauti: "Hebu niambie shoga, na wao wanafundwa nini hasa?"

Nikafungua kinywa. Mara akaingia kijana na suruali ya kupunguza.

Tukanyamaza wote wawili.