Ngazi kwenye boti

Watu wakisikia nimepita Somalia enzi za maharamia huuliza risasi tu. Mie nakumbuka joto.

Ilikuwa 2011, mwezi wa pili, tunatoka Salalah, Oman, kuja Mombasa, meli imelemewa na mzigo mpaka deki iko karibu na maji, spidi yenyewe noti 11, kama kilomita 20 kwa saa, ikijitahidi sana. Na kaskazi imelala kabisa. Kwa kawaida baharia anaomba bahari itulie, miaka ile tulikuwa tunaomba mawimbi manake kusi likivuma viboti vyao haviwezi kuhimili. Na kila mtu ana ile meli ya Faina kichwani, ilitekwa 2008 ikija hapahapa kwetu na vifaru 33, mabaharia wakashikiliwa zaidi ya miezi minne.

Basi tumezungusha seng'enge za wembe pembeni kote, mipira ya zimamoto inamwaga maji tezini, na sanamu za ovaroli tumezijaza matambara tukazisimamisha deki ili tuonekane wengi. Kuku wetu, mpishi namaanisha, akaivika moja kofia yake, tukacheka.

Alfajiri niko zamu na chifu ofisa, boti mbili za faiba zinakuja kwa nyuma, akanipa darubini akaniuliza wale wavuvi? Nikaona ngazi. Mvuvi ana nyavu, ana ndoo, ngazi ndefu ya kulabu anaipeleka wapi katikati ya bahari?

Kengele ikalia, kapteni akabaki briji na maofisa wawili anapiga simu Dubai kwa Waingereza wa UKMTO, ofisi ya kupokea taarifa za meli zilizo hatarini, sisi wengine tukashuka chumba cha mitambo ya usukani tukajifungia. Mle hamna dirisha, pampu zinapiga kelele, jasho linatiririka mpaka kwenye buti, ndoo moja ndo choo. Mfilipino anavuta rozari mie niko na Yasin yangu. Kitu pekee cha kutuambia yanayoendelea juu ni ile mikono ya haidroliki ya usukani, ikienda kushoto, ikirudi kulia, tukajua kapteni anapinda meli kuwachafulia maji, na kila ikisimama katikati tunatazamana, tunajiuliza wameshapanda ama vipi.

Hawakupanda. Walifukuza weeee wakachoka, sijui petroli iliwaishia, tukaitwa kwenye spika tutoke.

Kilindini nikauliza ule mshahara mara mbili wa kupita eneo la hatari tunaousikia kwa wenzetu, ajenti akafungua mkataba wangu akaniambia kwenu hakuna kipengele hicho, saini hapa.