Pensheni ya bibi

Leo asubuhi nimempeleka bibi kuchukua pensheni jamii. Mara yake ya kwanza, katimiza miaka 70.

Maisha yake yote ni kupiga makumbi, kusuka kamba, halafu mwani. Hajawahi kuwa na mwajiri wa kumchangia hata senti.

Serikali ya Zanzibar iliuanza mpango huu Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ninachokipenda ni kwamba haukuulizi wewe ni maskini kiasi gani. Nawasikia wanaotaka wapewe maskini peke yao, lakini kuchuja kuna gharama, na anayeachwa nje mara nyingi ni yule asiye na wa kumsemea.

Bibi alizihesabu noti mara mbili, taratibu, kwa vidole vilivyochanika kwa maji ya chumvi. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

Tulipofika kituoni akalifungua tena.

"Shika, mjukuu wangu. Nauli leo nalipa mimi."

Miaka yote hii sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilishindwa hata kujibu.

Wazee wa kwenu wanaishije? Niambieni.