Nyumba ya baba Uyole: tulianza na paa

Baba alituachia nyumba ya vyumba vinne Uyole, ya tofali za kuchoma zilizojengewa tope. Akiba hatukuwa nayo. Kaka alitaka tuuze haraka. Mimi roho ilikataa.

Kwanza karatasi. Ukoo ulikaa kikao, baba mdogo akakiongoza, na muhtasari nikaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Nilipopata barua ya usimamizi wa mirathi ndipo nikawa na haki ya kupangisha. Kabla ya hapo mpangaji yeyote angezua ugomvi.

Fundi alitaka kuanza na plasta na rangi. Nikakataa: paa kwanza. Ukuta wa tope huanza kufa juu: maji yakipenya kwenye kozi za mwisho, yaani mistari ya juu ya tofali, tope linayeyuka na tofali zinaachia. Na mvua za Mbeya zikianza Novemba, ni hadi Aprili.

Pesa je? Vyumba viwili vya nyuma havikuwa vinavuja. Nikampangisha mwalimu mmoja, kodi ya miezi sita mkononi, mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hela yote ikaenda kwenye mabati na misumari. Mbao nyingi za zamani zilikuwa bado nzima. Kodi ya jengo ya serikali inakatwa kidogokidogo tunaponunua umeme wa LUKU.

Kila risiti niliituma kwenye kundi la familia. Kaka hajataja tena kuuza. Desemba tulilala humo, mvua ikapiga usiku kucha, na mama hakutega ndoo hata moja.