Nafasi ya uzito ilikuwa tupu

Leo ofisini kaingia mzee, bintiye akimwandikia maneno kwenye daftari. Hasikii.

Siku 14 za sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, hospitali ya umma. Dozi yake hufuata uzito wa mgonjwa, na figo hukaguliwa. Zikilegea, dawa hulundikana na kuua seli za sikio. Hazioti tena.

Tukafungua nakala ya faili. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, haikupimwa. Nafasi ya uzito: tupu. Bado naiona ile nafasi.

Hapa Kenya, kuishtaki serikali kwa uzembe una miezi 12 tu. Hospitali binafsi, miaka 3. Omba faili mapema, kwa barua, nakala yako igongwe muhuri. Kapime masikio. Madhara peke yake hayatoshi, lazima uzembe uthibitishwe.

Nani anauguza mtu aliyeanza kusikia mvumo masikioni baada ya sindano? Niandikieni.